Pesa za programu za simu Nairobi ziko kwenye ploti

Aliyeuliza kama bado kuna biashara kwenye programu za simu hapa Nairobi, naye anajua Flutter (zana ya kuundia programu za simu) na mtaji wake ni mdogo: ipo, ila usiisake kwa wapakuaji. Programu ya bure yenye matangazo hutaka umati mkubwa sana kabla haijakulipia hata bando. Mtafute mtu anayekusanya pesa kila mwezi na hajui nani amelipa. Kwangu mimi, mwenye ploti (jengo la nyumba za kupangisha) mtaani Pipeline, Kayole au Roysambu ndiye mteja bora, maana kila mwezi ukianza shida yake inaanza upya.

Wapangaji hulipa kwa Paybill (namba ya biashara ya kupokelea M-Pesa), namba ya nyumba ikiwa ndiyo akaunti. Mmoja ataandika A12, mwingine "a 12", mwingine jina la mtoto wake. Msimamizi anabaki na daftari, analinganisha meseji moja moja. Ulinganishaji huo ndio unaouza. Urembo wa programu hautamfanya mtu atoe pochi.

Kazi yenyewe iko Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Kwa malipo ya C2B, yaani mteja kulipa biashara, unasajili anwani mbili za seva yako: ya uhakiki, kabla malipo hayajakubaliwa, na ya uthibitisho, yakishapita. Ile ya uhakiki imezimwa hadi uombe iwashwe, na hapa watu hupoteza siku nzima wakikagua msimbo usio na kosa. Ikishawaka, akaunti isiyojulikana unaijibu C2B00012 na malipo yanakataliwa. Usikimbilie kukataa lakini: ondoa kwanza nafasi na vistari, geuza herufi zote ziwe kubwa, ndipo ulinganishe. Anwani ziwe za HTTPS, na zisiwe na neno "mpesa" wala "safaricom" ndani yake. Namba ya simu ya mlipaji siku hizi inakuja imefichwa, kwa hiyo usiifanye kitambulisho.

STK Push, ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mlipaji aweke PIN, ina mitego yake. Namba ya simu ianze na 2547 au 2541, si 07. Tokeni, ufunguo wa muda wa kuingilia Daraja, hufa baada ya sekunde 3600. Kosa kubwa ni kusoma jibu la kwanza lenye 0 ukampa mtu risiti. Hiyo 0 inasema tu ombi limepokelewa. Malipo yanajulikana kwenye jibu la pili: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana au hakujibu. Jibu hilo lisipofika, seva yako iulize yenyewe kwa CheckoutRequestID, namba ya ombi hilo. Likifika mara mbili, namba ya muamala ya M-Pesa ikiwa ya kipekee kwenye hifadhidata yako itazuia kodi moja kuhesabiwa mara mbili.

Google Play ni dola 25, mara moja. Akaunti mpya ya mtu binafsi hudaiwa wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuchapisha, basi ianze mapema. Kodi ya nyumba si bidhaa ya kidijitali, hivyo Google haikati kitu. Ukiuza masomo au muziki ndani ya programu, hapo sheria zake za malipo zinakuhusu. Wapangaji wengi hawatapakua chochote, hivyo risiti zao zitume kwa SMS. Programu iwe ya msimamizi, nyepesi, inayofunguka hata intaneti ikikatika.

Bei? Toza kwa nyumba, kwa mwezi. Shilingi 50 kwa kila nyumba, ploti ikiwa na nyumba 60, ni 3,000, na mwenye ploti anaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Kumbuka kutoa gharama ya SMS na seva. Majina na namba za wapangaji zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo usizihamishie kwa dalali yeyote. Programu za mikopo ziache kabisa: zinataka leseni ya Benki Kuu, na Google Play inaidai pia.

Paybill iwe ya mwenye ploti, pesa isipite kwako hata shilingi. Na kabla hujaandika mstari wa kwanza, uliza nani ana jina la mtumiaji la msimamizi wa Paybill hiyo kwenye tovuti ya M-Pesa. Ukienda kuwasha mfumo, Daraja itamtumia yeye namba ya siri ya mara moja, na mara nyingi laini hiyo iko kwa mhasibu aliyeacha kazi zamani.