Gitaa la kwanza kwa vidole vifupi

Mama, umeniuliza kama umnunulie binti yako wa miaka 11 gitaa kubwa eti atakua nalo. Hapana, usimnunulie. Tafuta dogo, liitwalo la robo tatu: nyuzi zake zina urefu wa milimita 580 hivi, wakati kubwa la nailoni lina 650 na shingo pana. Nailoni haiumizi vidole kama chuma.

Zaidi ya yote, nyuzi zisikae juu. Pale freti ya 12 (freti ni vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) zikiachana na shingo kwa zaidi ya milimita 4, liache dukani hata likiwa la bei nafuu. Kulibonyeza ni adhabu. Aende alishike mwenyewe, ameketi.

Mkono wa kulia, ule unaopiga nyuzi, usikutie hofu. Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wa Katanga yetu hii, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu.