Wanakunywa Nini? Kwa Wanaoanza Kuchora Ramani za Afrika

Wiki iliyopita nilipokea rasimu tano za wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliopewa kazi ya kuchora na kueleza Bara la Afrika, umbile lake pamoja na watu wake. Katika rasimu zote tano nchi ya Algeria ilikuwa imepakwa rangi moja ya msongamano wa watu kutoka pwani ya Mediterania hadi ndani kabisa ya Sahara, kana kwamba watu wake waligawiwa ardhi kwa rula. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu rangi ile naijua. Nimewahi kuipaka kwa mkono wangu. Basi, wadogo zangu, someni haya kabla hamjafungua kalamu za wino.

1. Chagueni projeksheni kwanza, yaani njia ya kuihamisha dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, rangi baadaye. Ramani ya Mercator ya mwaka 1569 ilitengenezwa kwa ajili ya mabaharia, na inaifanya Greenland ionekane karibu sawa na Afrika, ilhali Afrika, yenye kilomita za mraba zipatazo milioni 30, inaizidi takriban mara 14. Ramani ya msongamano wa watu huchorwa kwenye projeksheni inayohifadhi uwiano wa ukubwa wa maeneo, nami sitalirudia hili.

2. Msieleze mto bila kutazama mwinuko wa nchi unayopita. Hakuna mwaka ninaokosa mwanafunzi wa kuniandikia kwamba Mto Kongo ni njia ya meli kutoka Atlantiki hadi katikati ya bara. Sehemu kubwa ya Afrika ni uwanda wa juu unaoporomoka ghafla ukikaribia pwani, na Kongo huteremka uwanda huo kwa maporomoko yanayofuatana kati ya Kinshasa na Matadi, mahali ambapo hakuna meli inayopita. Ndiyo maana ilijengwa reli ya kuyazunguka, ikakamilika mwaka 1898. Mto huohuo unavuka ikweta mara mbili, hivyo upande mmoja wa beseni lake unapoingia kiangazi upande wa pili huwa unanyeshewa, na maji yake hayayumbi sana mwaka mzima. Jambo tamu kama hilo mnalipita mkikimbilia kutaja urefu wa mto, ambao ni habari ya chemsha bongo.

3. Ziwa Victoria halimo ndani ya Bonde la Ufa, bali limelala kati ya mikono yake miwili, na kina chake cha takriban mita 80, mbele ya mita 1,470 za Tanganyika lililomo bondeni, kilipaswa kuwashtua mapema.

4. Wastani. Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa nitajieleza kwa kirefu.

Nilipokuwa mwanafunzi nilitumia wiki tatu kuchora ramani ya msongamano wa watu barani. Niligawanya idadi ya watu wa kila nchi kwa eneo lake, nikapanga madaraja, nikapaka wino kwa subira ya fundi cherehani. Misri ilinipa watu wasiofika 100 kwa kilomita ya mraba, Rwanda ikanipa zaidi ya 300, nami nikaandika, bila haya yoyote, kwamba Mmisri ana nafasi mara nne ya Mnyarwanda. Siku ya kuwasilisha, msahihishaji mmoja mzee aliinuka polepole, akaweka kidole kusini-magharibi mwa Misri, mbali kabisa na mto, akauliza, “Hapa wanaishi wangapi?” Nilimsomea tarakimu niliyoikokotoa, hadi desimali moja. Akauliza tena, kwa upole ambao hadi leo sijausamehe, “Na wanakunywa nini?” Nikajibu, “Visima.” Chumba kizima kiliangua kicheko, na mimi nikacheka pia ili nisilie.

Karibu Wamisri 95 kati ya kila 100 wanaishi kwenye takriban asilimia 5 ya ardhi yao, yaani bondeni na kwenye delta ya Naili, kwa hiyo msongamano wanaouishi hasa ni karibu mara 19 ya ule nilioupaka. Nilirudia kazi yote kwa ramani ya nukta, ambayo kila nukta husimama kwa idadi fulani ya watu na huwekwa pale wanapoishi. Nilipofika Misri nukta zilikataa kutengana. Kutoka Aswan hadi Cairo zilikuwa mstari mmoja mweusi, na kwenye delta ncha ya kalamu ilitoboa karatasi. Tundu lile lilieleza nchi ile vizuri kuliko aya zangu zote, nami nikaliwasilisha kama lilivyo.

5. Andikeni mwaka wa kila takwimu ya watu. Mvua nayo isomeni mwezi kwa mwezi, si jumla ya mwaka peke yake, maana mkulima hapandi kwa kufuata jumla. Na tafadhali, Sahara si bahari ya mchanga: mchanga ni takriban robo yake tu, sehemu kubwa iliyobaki ni mawe, changarawe na milima.

Rasimu zile tano nimezirudisha. Sikuandika maoni marefu. Juu ya kusini mwa Algeria niliandika swali la yule mzee kwa kalamu nyekundu. Kesho yake mwanafunzi mmoja alinifuata mlangoni, mchangamfu, amejiandaa, akaniambia amepata jibu: visima.