Kusafisha Injini Nyumbani: Maji Yaje Mwisho, Tena Kidogo

Watu wengi huosha injini ili ing'ae, hasa gari linapokaribia kuuzwa. Mimi husafisha injini ya gari langu, Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, kwa sababu nyingine kabisa: injini safi humwonyesha mwenye gari mahali oili inapovujia, ilhali ile iliyovaa tope la vumbi na mafuta huficha uvujaji hadi siku taa nyekundu ya oili inapowaka barabarani. Ukiishika nia hiyo, utaona kwamba kazi kubwa hufanywa na brashi na kitambaa, na kwamba maji yanayohitajika hayajazi hata ndoo.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kukagua. Fungua boneti asubuhi gari likiwa limelala, umulike kwa tochi hata kama jua limetoka, kisha utafute palipolowa. Oili huteremka, na upepo wa safari huisukuma nyuma, hivyo pale palipolowa zaidi si lazima pawe ndipo panapovuja. Chanzo huwa ni ile sehemu ya juu kabisa yenye unyevu. Mara nyingi utakuta ni gasketi (mpira wa kuziba) ya tapeti kava, yaani kile kifuniko cha juu cha injini, ambayo hukakamaa kwa joto na umri. Piga picha kwa simu, kwa sababu ukishaosha umemnyima fundi ushahidi wake.

Injini ya moto isioshwe kamwe. Maji ya baridi yakimwagikia chuma chenye moto mkali yanaweza kukipasua, sabuni hukauka kabla ya kulainisha uchafu, na mikono yako ndiyo itakayoungua kwanza. Subiri hadi uweze kuweka kiganja juu ya injini bila kushtuka. Kifuniko cha rejeta kiache kimefungwa, ufunguo utoe na uuweke mfukoni, maana feni ya umeme katika baadhi ya magari inaweza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Kisha fungua terminali ya betri kwa spana namba 10, ukianza na ya hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia na hasi humalizia. Redio inaweza kusahau stesheni zake na injini ikakosa utulivu kwa muda mfupi inapowashwa, jambo ambalo lisikutie hofu. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye terminali huondoka kwa kijiko cha bekingi soda kilichokorogwa katika glasi ya maji ya uvuguvugu na mswaki wa zamani, mradi mchanganyiko huo usiingie ndani ya betri. Usichanganye bekingi soda na kostiki soda ya kutengenezea sabuni: kostiki hula alumini, na bloku ya injini hii ni ya alumini.

Hatua inayofuata ni kufunika alteneta (kifaa kinachochaji betri), boksi la fyuzi, mdomo wa chujio la hewa, soketi za nyaya na kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, kwa magari ambayo limewekwa chini ya boneti. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku Tanzania mwezi Juni 2019, mimi hutunza nailoni za mkate kwa kazi hii, nazifunga kwa mpira wa kufungia noti. Hakikisha pia kijiti cha kupimia oili, kifuniko cha oili na kile cha mafuta ya breki vimekaza, kwani mafuta ya breki hunyonya maji kwa urahisi sana.

Sehemu inayostahili hofu ya kweli ni koili nne, vifaa vinavyopeleka umeme kwenye plagi, zilizopangwa juu ya injini. Chini ya kila koili kuna shimo refu lenye plagi, na maji yakituama humo umeme hupotea njiani, injini ikaanza kumisi, yaani kukatakata, na taa ya injini kuwaka. Jirani yangu alirudi na gari la namna hiyo kutoka sehemu ya kuoshea magari, akaambiwa anunue koili mpya. Fundi mwingine alifungua bolti, akafuta maji, akapuliza mashimo kwa upepo wa kompresa, na koili zilezile zikafanya kazi. Ndiyo maana sipendi mashine ya presha karibu na injini.

Siafiki pia mazoea ya kupuliza dizeli, mafuta ya taa au, balaa zaidi, petroli. Ni kweli kwamba huyeyusha grisi haraka, lakini hulegeza mipira na hosi, huacha utando unaokamata vumbi upya, na yanaweza kushika moto. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, nasi tuko Dar es Salaam. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo iliyozimuliwa inatosha. Anza kwa brashi kavu ya kupakia rangi kuondoa vumbi, majani na viota vya panya (vaa glavu, mkojo wa panya si wa kuchezea), kisha paka sabuni sehemu ndogo ndogo, subiri dakika chache, sugua, na ufute kwa kitambaa kilicholowa kikakamuliwa. Pasipotakata, rudia sabuni badala ya kuongeza maji. Mkanda wa alteneta usiguswe na sabuni wala mafuta, la sivyo utapiga kelele kila unapowasha gari.

Wenye magari ya haibridi, yaani yanayotumia petroli pamoja na mota ya umeme, kama Prius na Aqua, waache kabisa nyaya za rangi ya chungwa na kila zinakoelekea. Hiyo ni njia ya umeme mkubwa na ni kazi ya fundi aliyefunzwa.

Maji machafu yenye oili yasiende kwenye mtaro wala karibu na kisima. Mwaga maranda ya mbao au mchanga chini ya gari kabla ya kuanza, kisha uyazoe yakiwa yamenyonya.

Ukimaliza, ondoa nailoni zote, uzihesabu, acha boneti wazi hadi pakauke, kisha rudisha betri na uwashe gari ukiwa nje penye hewa. Usiku huo weka boksi bapa la karatasi chini ya injini. Asubuhi, doa la kahawia au jeusi ni oili ya injini, jekundu lenye utelezi ni la gia boksi ya otomatiki, na la kijani au la waridi lisilo na mafuta ni la rejeta; maji yasiyo na rangi wala harufu, kama uliwasha kiyoyozi, hayana tatizo. Linganisha na ile picha ya simu, na umpelekee fundi vyote viwili.