"Suelto" imenila laki tisa, futa hilo jedwali

Mkuu, futa hilo jedwali kabla halijakula hela. Umepanga maneno ya Kihispania, limpio = safi, seco = kavu, lleno = imejaa, suelto = imelegea, halafu unauliza kama kuna maneno ya Kihispania yanayokuwa kivumishi na pia kitenzi, kwa sababu "limpio" umekutana nalo sehemu mbili. Yapo, na ni hayohayo uliyoyapanga. Jedwali lako na langu ni mapacha.

Langu lilitoka kwenye kijitabu cha kutoa kopi, 15,000, nilichouziwa na jamaa aliyekuwa akitufundisha jioni pale mjini Unguja. Kauli yake ilikuwa moja: neno moja, maana moja, kariri tu, sarufi itakuja yenyewe. Ikaja kweli. Ilinikuta baharini.

Tulikuwa kwenye kisiwa cha Mnemba, msimu wa kusi, wageni sita kutoka Valencia. Wameshaogelea, wamepanda botini, wanajifuta maji. Kamba imepitishwa kwenye pete ya boya na ncha yake kaishika mzee mmoja kule omo, maana tangu asubuhi alikuwa anataka kusaidia na tulichoka kumkatalia. Nahodha kainama tezi, mpira wa mafuta umechomoka, mashine imezimwa. Mzee kaona watu wote wamekaa, akajua tunaondoka. Akanigeukia: "¿Suelto?"

Neno moja tu. Jedwali likafunguka kichwani: suelto, imelegea. Nikaitazama kamba, kweli imelegea, tumbo lake linagusa maji. Nikajiona profesa. "¡Sí, sí, suelto!"

Akaachia.

Alikuwa anauliza "niachie?". Soltar ni kuachia, suelto ni "naachia", na Mhispania akitaka ruhusa hulitamka hivyohivyo lilivyo, bila "mimi", bila chochote, sauti ikipanda mwishoni. Mimi nikasikia mtu anayenipa taarifa ya hali ya kamba. Kusi likatusukuma ubavuubavu, nahodha akatoa neno ambalo halimo kwenye kijitabu chochote, akarudisha mpira, akavuta mashine mara tatu. Ilipowaka tulishafika juu ya mwamba. Kraa! Mapanga mawili ya rafadha yakaenda. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah, ila tulivutwa na boti nyingine mpaka Matemwe kama mbuzi wa Idi, na mwenye boti akanikata 900,000 kwa mafungu. Bakshishi usiulize. Mzee wa watu aliniomba radhi yeye! Nikamwambia "no problema", nayo nilikuja kuambiwa baadaye kwamba wenyewe hawasemi hivyo.

Kinachoniuma ni kwamba kosa lilikuwa linaonekana. Tangu asubuhi mzee yule anaiita kamba "la cuerda". Baharia wa kwao angesema "el cabo", ya kiume, lakini huyu hakuwa baharia. Cuerda ni ya kike. Angetaka kusema imelegea angesema "suelta". Alisema "suelto". Ile -o haikuwa ya kamba, ilikuwa ya kwake yeye.

Kwetu kitenzi kinabisha hodi mlangoni: naachia, unaachia, anaachia. Mhispania kila kitu kakibandika mkiani. Kwa hiyo -o ya "mimi" na -o ya nomino ya kiume zinakutana palepale, zimevaa kanzu moja. Na sisi tunazidi kujichanganya, kwa sababu "imejaa" na "imelegea" ulivyoziandika kwenye jedwali kama vivumishi, kwa Kiswahili ni vitenzi tayari!

Basi shika hili: usilikariri neno bila jirani yake. Kivumishi kinamfuata jirani: cuerda suelta, cuerdas sueltas, pelo (nywele) suelto. Kitenzi hakimjali: suelto la cuerda, suelto las cuerdas. Seco la ropa, nakausha nguo. Ropa seca, nguo kavu. Lleno la botella, naijaza chupa. Botella llena, imejaa. Despierto a los niños, nawaamsha watoto; los niños están despiertos, wako macho. Hata mwanamke akisafisha atasema "limpio", na akiwa yeye mwenyewe ndiye safi atasema "estoy limpia". Andika hivyo kwenye kadi zako, jozijozi. Kadi yenye "suelto" peke yake ichome.

Kuna na "limpia", ambayo ni safi ya kike, ni anasafisha, na pia ni amri, safisha! Alama ya juu nayo usiipuuze: limpio nasafisha, limpió alisafisha. Na wapo wakorofi: "bajo" ni mfupi, ni nashuka, na ni chini ya. "Bajo la escalera" inaweza kuwa nashuka ngazi au chini ya ngazi, hapo hata jirani hakusaidii, subiri sentensi iishe.

Yule mwalimu nilimfuata na kipande cha rafadha mkononi. Akaniambia hayo ni ya ngazi ya juu, tungeyafikia. Ngazi ya juu! Neno la silabi mbili, lenye -o mwishoni, ndilo la ngazi ya juu. Akaniuzia kijitabu cha pili. Nikanunua, ndiyo, cheka tu, na mle ndani suelto imeandikwa "huru".

Wewe unayetaka kuanza na wageni wa Kihispania mwezi wa saba, kusi likiwa limekolea, ukiulizwa neno moja lenye -o na mtu aliyeshika kitu, usijibu "sí". Mwambie "espera", subiri, kisha nenda ukatazame ameshika nini. Mpaka leo ufukweni Nungwi hakuna anayeniita kwa jina langu. Juzi mtoto wa nahodha kaniamkia, kwa adabu kabisa, "Shikamoo Suelto."