Barabara, ulinzi na daladala: jinsi ya kuisoma taarifa ya mkutano wa mtaa

Ndugu mwanzisha uzi, umeeleza kwamba mwenyekiti wenu amesoma taarifa ileile katika mikutano kadhaa mfululizo, kuwa barabara ya ndani "ipo kwenye mpango", kuwa ulinzi shirikishi "utaimarishwa" na kuwa daladala "zinafuatiliwa", huku mkiendelea kushuka Mbezi, hapa Dar es Salaam, usiku na kutembea gizani hadi nyumbani. Umeuliza kama anawadanganya. Nilikuwa mjumbe wa Kamati ya Mtaa upande huohuo wa barabara ya Morogoro baada ya uchaguzi wa Desemba 2014 hadi ule wa Novemba 2019, na jibu langu ni kwamba huenda hadanganyi hata kidogo. Taarifa ya namna hiyo inaweza kuwa kweli tupu na bado isimsaidie mtu yeyote, kwa sababu mambo yote matatu anayoyasoma hayamo mikononi mwake peke yake, na ninyi mnaomsikiliza hamjamuuliza yamo mikononi mwa nani.

Nianze na barabara, kwa sababu kwa uzoefu wangu hayo mawili mengine huifuata. Barabara kuu na barabara za mkoa husimamiwa na TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Zile za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, tangu Julai 2017 zimekuwa chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambayo ni wakala wa Serikali na si idara ya halmashauri. Mabadiliko hayo yalitukuta katikati ya kipindi chetu. Kabla yake diwani alikuwa akimbana mhandisi wa manispaa ndani ya kikao cha baraza la madiwani, na mhandisi alilazimika kujibu papo hapo. Baada yake, fedha na mikataba vilihama, na madiwani wengi nchini wakalalamika kwamba wanaulizwa na wananchi juu ya kazi wasiyoisimamia. Hadi leo wananchi wanamfokea mwenyekiti wa mtaa kana kwamba greda limeegeshwa nyuma ya ofisi yake.

Swali la kwanza la kuuliza mkutanoni, basi, ni kama barabara yenu imo katika orodha ya mtandao wa barabara wa TARURA wa wilaya yenu. Barabara isiyo katika orodha hiyo haiwezi kupangiwa fedha, hata mwenyekiti akiitaja kila siku. Yetu haikuwamo. Watu walikuwa wameipita miaka mingi, ina jina, ina maduka na msikiti, lakini kiserikali ilikuwa njia tu iliyojitokeza kati ya viwanja vya watu.

Kama imo, swali la pili ni ipo katika fungu gani, na hapa ndipo neno "mpango" huficha mengi. Fedha za Mfuko wa Barabara hugawanywa katika matengenezo ya kawaida, ya sehemu korofi, ya muda maalumu, na ya madaraja na makalvati. Matengenezo ya kawaida ni kufukia mashimo, kufyeka na kuzibua mitaro. Sehemu korofi ni kipande kile tu kinachonasa magari, pengine mita mia mbili kati ya kilometa mbili, kwa hiyo anayeishi mbele ya kipande hicho asishangae greda likigeuza kabla ya kufika kwake. Muda maalumu ndiyo kazi ya kuchonga barabara yote na kumwaga changarawe upya. Lami haimo kabisa katika orodha hiyo. Hiyo huhesabiwa kuwa kazi ya maendeleo na hutafutiwa fedha zake, ama za Serikali ama za miradi mikubwa kama DMDP, ule mradi wa Benki ya Dunia ulioanza mwaka 2015 na kujenga barabara za mitaa zenye mitaro na taa katika manispaa za Dar es Salaam. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na bajeti ya TARURA ikapanda zaidi ya maradufu. Kila anayejaza mafuta bodaboda yake anachangia, kwa hiyo kuuliza si kuomba hisani.

Majira nayo yana uzito wake. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, lakini vipaumbele vya mitaa hupitishwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata miezi mingi kabla, mwishoni mwa mwaka unaotangulia, ili viingie katika mapendekezo yanayojadiliwa kuanzia Januari. Malalamiko mengi huja Aprili, mvua za masika zikiwa zimekwisha kuichimba barabara, na wakati huo bajeti imeshafungwa na iko njiani kwenda bungeni. Kinachoweza kupatikana Aprili ni kazi ya dharura: vifusi viwili vitatu ili gari la wagonjwa lipite. Ombi lenu liandikwe Oktoba, vumbi likiwa bado linatimka na hakuna mwenye hasira.

Sasa nieleze jambo lililotuchukulia muda kuliko yote, kwa kuwa naona hukuligusa na huenda ndilo linalowakwamisha. Maeneo mengi ya huku juu yalijengwa kabla ya kupimwa. Upana wa njia ni ule uliobakizwa na mwenye kiwanja mwenye huruma. Mhandisi alipokuja kwetu hakuzungumzia fedha kwanza. Alitembea na futi kamba, akasimama sehemu tatu ambapo kuta za pande mbili zilikaribiana, akasema mtambo hautapita na mtaro hautapata pa kukaa. Alitutaka tupate ridhaa ya wenye viwanja kuachia sehemu ya ardhi bila fidia, kwa maandishi na saini, ndipo barabara iingizwe katika orodha.

Ilikuwa mwaka 2017, mwaka uleule nyumba zilipobomolewa kati ya Kimara na Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Unaweza kukisia watu waliipokeaje karatasi inayosema "naridhia kuachia eneo langu". Tulipoanza kupima tulikubaliana tusitumie rangi nyekundu kabisa, kwa sababu alama nyekundu ukutani ilikuwa imekwisha kuwa na maana moja tu kwa kila mtu. Tulichora kwa chokaa, ili asiyekubali aweze kuifuta mwenyewe kwa maji. Baadhi waliifuta usiku huohuo.

Mama mmoja mwenye genge pembeni ya kona alituuliza swali ambalo hakuna mjumbe aliyekuwa na jibu lake: "Nikishavunja ukuta na mkandarasi asije, nani atanijengea?" Tulirudi ofisini na swali hilo, na baada ya mabishano marefu tuliamua kwamba saini zikusanywe, lakini ukuta wowote usiguswe hadi mkataba wa kazi usainiwe na mkandarasi aonyeshwe eneo. Mtendaji wa Mtaa aliliandika hilo katika muhtasari wa kikao na kila aliyetia saini akapewa nakala. Upinzani ulipungua sana baada ya hapo. Naamini watu hawakuwa wachoyo wa ardhi, bali walikuwa wamechoka kuombwa waanze wao. Kama mtaa wenu una mchoro wa mipango miji uliotokana na urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kupanga maeneo yaliyokwisha kujengwa, kazi yenu itakuwa nyepesi kuliko yetu, kwa sababu upana wa njia tayari umechorwa. Nendeni mkautazame halmashauri kabla ya kuanza kugombana na jirani.

Barabara ilipoingia katika orodha, ilipata kwanza fungu la sehemu korofi. Mkandarasi, ambaye sitamtaja, aliweka kalvati juu kuliko usawa wa mtaro, na mvua ya kwanza maji yakalizunguka na kukata barabara pembeni yake. Mzee mmoja aliyekuwa akilima mpunga bondeni kabla hatujajaa huko alikuwa amewaonya mafundi siku ileile ya kuchimba, lakini hakuwa na karatasi mkononi na wao walikuwa nayo. Tangu hapo tulidai jambo moja katika kila taarifa ya mtaa: kazi inapoanza, mchanganuo wake usomwe mkutanoni, yaani urefu, idadi ya makalvati na mahali pa kila moja, kina cha changarawe, jina la mkandarasi na muda wa mkataba. Sehemu ya hayo huandikwa katika bango la mradi, lakini mara nyingi bango husimikwa kazi inapokaribia kwisha. Mwananchi aliyesikia kwamba kalvati la tatu liko mbele ya mashine ya kusaga ataliulizia asipoliona.

Kuhusu ulinzi nitasema kwa ufupi kidogo, ingawa najua ndilo linalowauma zaidi. Kamati yetu ilikuwa haijamaliza hata mwezi ofisini wakati jiji lilipopata taharuki ya Panya Road, vile vikundi vya vijana wahalifu, Januari 2015. Ulinzi shirikishi ulianza karibu kila mtaa kwa shauku, vijana wakapewa filimbi na tochi, kaya zikachanga. Ulikufa polepole, wala haukuuawa na wahalifu. Kwetu ulikufa kwa sababu mapato na matumizi ya michango hayakusomwa, mwenye nyumba akaacha kulipa, mlinzi akaacha kuja. Ulipofufuliwa, tuliweka masharti mawili: stakabadhi kwa kila mchango, na daftari la lindo ambalo kila mlinzi huandika saa aliyopita eneo fulani na alichokiona, likikaguliwa na mtendaji pamoja na askari kata. Lile daftari lilitufundisha jambo ambalo hatukulitegemea. Matukio ya kuporwa simu na mikoba yalikuwa yakijirudia katika kipande kimoja kati ya kituo cha bajaji na mwanzo wa nyumba, hasa kati ya saa tatu na saa tano usiku, yaani pale ambapo bajaji zilikuwa zikigoma kwenda mbele kwa sababu ya ubovu wa barabara na abiria wakalazimika kushuka na kutembea. Hatukuwa na tatizo la ulinzi mtaa mzima. Tulikuwa na kipande hicho, na tuliwahamishia walinzi huko huku tukiendelea kudai barabara.

Wakumbusheni pia walinzi wenu mipaka yao. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu aliyemwona akitenda kosa, lakini ni lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa, na kumpiga mtuhumiwa kunamgeuza mlinzi kuwa mtuhumiwa. Taarifa ya ulinzi inayosomwa mkutanoni bila kueleza ni matukio mangapi, wapi, saa ngapi, na mangapi yaliyofikishwa kituoni, kwangu haijawa taarifa.

Daladala ndiyo rahisi kueleza na ngumu kupata. Njia za daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na leseni ya gari huonyesha njia ambayo gari hilo linatakiwa kuifanya kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtaa hauwezi kuleta daladala. Unaweza kuomba njia ifunguliwe au irefushwe, na maombi yenye nguvu ni yale yanayoambatana na wamiliki walio tayari kuleta magari, barabara inayopitika mwaka mzima na mahali pa kugeuzia. Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Bila eneo la kugeuzia, dereva ataishia njiani, na kukatisha ruti kutakuwa desturi hata kama leseni inasema vingine. Mkishapata njia, mnukuu namba za magari yanayokatisha na muda, mpeleke LATRA. Kulalamika kwa kondakta hakujawahi kumfikisha mtu nyumbani.

Umeuliza mwishoni kama ni vema mruke ngazi na kwenda kwa mbunge kuhusu kivuko cha korongoni ambacho wanafunzi wanavuka kwa kushikana mikono. Kwa barabara yote nisingeshauri hivyo, kwa kuwa atawarudisha TARURA, nao watauliza kama ombi limepita katika kata. Kwa kivuko ni jambo tofauti. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, una fedha kidogo ambazo hazitoshi barabara lakini zinatosha saruji, nondo na mabomba ya kivuko kidogo, hasa mahali ambapo wananchi wamekwisha kuchangia mawe, mchanga au nguvu kazi. Mwenyekiti aitishe mkutano, mradi uibuliwe na kuandikwa katika muhtasari, mtendaji aupeleke kata, na ninyi mbaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mwenyekiti akikataa kuitisha mkutano, mwandikieni Mtendaji wa Kata mkieleza hivyo, nakala kwa diwani, kwa majina na saini za wakazi. Ombi la kivuko lisichanganywe na la barabara katika barua moja, la sivyo lile dogo litasubiri foleni ya lile kubwa.