Mdogo wangu wa Iringa, sambusa za usiku usizikopeshe

Jumatatu nilipata ujumbe kutoka kwa binti anayesoma mwaka wa pili Iringa. "Shikamoo dada. Nataka kuuza sambusa usiku karibu na hosteli zetu, maana ikifika saa nne kila mahali pamefungwa na watu wana njaa. Nina laki tatu. Nianzeje?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili. Nikakaa na simu mpaka jogoo wanawika, kwa sababu swali hilo lilikuwa langu mwaka 2019, na sikuwa na wa kumuuliza.

Nilifungua kibanda Ng'ong'ona, Dodoma, jirani na UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, Novemba mwaka huo. Mabenchi mawili, meza ya mbao, jiko la mkaa, karai, na taa moja niliyovutiwa waya na mwenye nyumba. Nafungua saa tatu usiku, nafunga saa nane. Saa sita ndiyo ilikuwa saa yangu: vijana wametoka kubukua, mabegi mgongoni, hawataki tena ugali, wanataka kitu cha moto cha kushika mkononi huku wakibishana habari za Simba na Yanga. Na upepo wa Dodoma usiku wa Juni, anayeujua anaujua. Sambusa mbili na chai ya tangawizi, 1,300, mtu anarudi geto ameshiba.

Manda, yale magamba ya unga ya kufungia sambusa, nilisukuma mwenyewe, mchana. Hapo naomba unisikilize vizuri. Manda zilizokaa zinakatika pembeni ukikunja, mafuta yanaingia ndani, na mteja anatafuna mafuta badala ya nyama. Kanda unga mgumu kuliko wa chapati. Panga vidonge vinne vinne, paka mafuta na nyunyiza unga katikati, sukuma kwa pamoja, babua kidogo tu kwenye chuma, kisha bandua vikiwa vya moto na ukate robo. Nyama ikaushe jikoni pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, halafu iache ipoe kabisa ndipo uchanganye kitunguu kibichi na giligilani. Kitunguu kikikutana na nyama ya moto kinatoa maji, na maji hayo ndiyo yanayoipasua sambusa karaini. Moto uwe wa wastani. Ukiwa mkali manda inaota malengelenge na kuwa nyekundu kabla haijakauka.

Kilo ya unga ilinipa sambusa 60 hivi. Nikiuza zote kwa 500 napata 30,000, na gharama zangu za nyama, unga, vitunguu, mafuta na mkaa hazikuzidi 17,000. Kwenye karatasi nilikuwa tajiri.

Kilichoniangusha ni daftari. Wakati ule fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilikuwa 8,500 kwa siku, inatoka ya siku 60 kwa mkupuo, 510,000. Ndiyo wanayoiita bumu. Wiki ya bumu nilimaliza sambusa 200 kabla ya saa sita. Ikifika wiki ya saba, walewale waliokuwa wakiniagizia za meza nzima wanakuja wawili wawili, sauti ya chini: "Dada, niandike, bumu likitoka tu." Nami niliandika. Niliwaonea huruma kwa sababu nilishalala njaa mwenyewe nikisoma. Nilidhani huruma ni sehemu ya biashara.

Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa ajili ya korona. Ndani ya siku chache Ng'ong'ona ikabaki na mbwa na vumbi. Daftari langu lilikuwa na 386,500, na nilikuwa nimelipa kodi ya miezi sita. Vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni wapo waliokuja kunilipa, Mungu awabariki. Wengi walianza kupita njia ya pili.

Na wakati niko nyumbani Kondoa nasubiri, msichana niliyemfundisha kukunja manda, aliyekula sahani moja nami, alichukua fremu hatua chache kutoka kibandani kwangu. Sambusa zilezile, mchuzi wa ukwaju uleule. Kwa mdomo nimemsamehe. Moyo bado uko njiani.

Miezi iliyofuata sitaisimulia, ilikuwa ya kufulia watu nguo. Nilirudi kazini nikiwa na karai lilelile na sheria moja: hakuna kuandika. Wasiokuwa na hela nawapa sambusa moja bure, inaisha hapo, hatudaiani. Nimegundua anayepewa bure anarudi. Anayedaiwa anakukimbia, na ukimkopesha umempoteza yeye pamoja na pesa yako. Wadogo zangu, msikopeshe. Hata rafiki. Hata yule anayekuita mama. Mtaji wa laki tatu hauna uwezo wa kumhurumia mtu, na wewe uliyeamka kusukuma manda jua la saa saba una haki ya kulipwa usiku huohuo. Tujifunze kuheshimu jasho letu, tuache kuona aibu kudai mia tano.

Jambo lingine ni ratiba ya chuo. Ibandike ukutani. Wiki za mitihani watu wanakesha, kaanga mara mbili na funga saa tisa. Agosti hadi Oktoba wengi wako likizo au kwenye mafunzo ya vitendo, na hapo usikae kibandani ukitazama barabara. Mimi wakati huo nagandisha sambusa mbichi kwenye friji na kuwauzia kina mama wa mjini, sambusa mia moja kila pakiti. Ramadhani nayo ina soko lake, ila ni la jioni, kabla ya futari. Ukisubiri saa tatu umechelewa.

Sasa laki tatu zako, mdogo wangu. Usilipe kodi ya miezi sita. Omba baraza la duka linalofungwa jioni, ulipe kwa mwezi. Nunua karai zito la chuma, jiko, mabenchi mawili, na nyama kilo mbili tu za siku ya kwanza. Laki moja iweke kwenye simu usiiguse. Bumu la sasa ni 10,000 kwa siku, na wewe ni mwanafunzi, utajua linatoka lini kabla yangu. Fungua usiku huohuo.