Muulize Mjomba: Sataranji au karata, mchezo bora ni upi?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nyumbani hakukaliki. Kaka yangu ni mtu wa sataranji, na kwake yeye mchezo wowote wenye karata au dadu ni wa kubahatisha, hauna akili ndani yake. Mke wake, yaani wifi yangu, anapenda karata kupindukia. Anasema sataranji ni watu wawili kununiana saa zima. Mimi napenda yote mawili, basi kila mwisho wa wiki wananivuta niwe hakimu. Tuamulie wewe: mchezo upi wa mezani ni bora kuliko mingine?

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Kaka yako namwelewa sana, maana na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kwa miaka mingi niliupima mchezo kwa kumtazama mshindi. Akishinda kwa akili, mchezo mzuri. Akishinda kwa dadu, haufai. Siku hizi namtazama anayeshindwa. Je, bado ana kazi ya kufanya? Anafikiri, ana tumaini, au anangoja tu wenzake wamalize aende zake? Mchezo unaomwachia huyo kazi hadi mwisho ndio ninaouita bora.

Sataranji inafanya vizuri hapo, ila si kila siku. Kete 32, miraba 64, hakuna kilichofichwa, na wawili wanaolingana wanaweza kusumbuana hadi kete zimebaki nne. Anayezidiwa ana hata mlango wa kutokea: kama mfalme wake hashambuliwi lakini hana hatua yoyote halali, ni sare. Nimewahi kuona mtu aliyebakiwa na mfalme peke yake akiponea hapo, na furaha yake ilimpita mshindi wa kawaida. Shida inakuja uwezo unapopishana. Ukimpotezea mzoefu malkia katika hatua ya kumi, yaliyobaki ni kuhesabu dakika. Go, ule mchezo wa mawe meusi na meupe, umelitatua jambo hili vizuri zaidi: mwanafunzi anapewa mawe, kuanzia 2 hadi 9, yakae ubaoni kabla mwalimu hajaanza kucheza. Wanakaa watu wasiolingana kabisa, na wote wawili wanatoka jasho.

Sasa hili la akili na bahati. Kama ubora ungekuwa kutokuwepo kwa bahati tu, basi drafti ingekuwa imeshakufa. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kwa kompyuta kwamba katika drafti ya miraba 64, wachezaji wote wawili wasipokosea, matokeo ni sare. Sataranji nayo, kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, mwaka 1997. Katika Go, programu ya kompyuta iitwayo AlphaGo ilimshinda bingwa Lee Sedol mara 4 kati ya 5 mwaka 2016. Na bado watu wanacheza yote matatu kwa moyo mmoja, kwa sababu aliyekaa mbele yako ni binadamu, anasahau, anaogopa, anatamani. Huyo ndiye unayecheza naye.

Karata zinakuongezea kitu ambacho ubao wa sataranji hauna: usichokiona. Mkigawana karata 52 watu wanne, unashika 13, na 39 hujui ziko wapi. Kukisia ziko wapi ni akili pia, tena akili ngumu, maana huna budi kusoma karata na kusoma watu kwa wakati mmoja.

Acha nikueleze mkono mmoja wa wisti. Wisti ni mchezo wa watu wanne, wawili wawili, mwenzako amekaa mkabala nawe, na mnashindania mizunguko 13: kila mzunguko kila mtu anatupa karata moja, na karata inayoshinda inauchukua. Nilikuwa upande mmoja na dada yangu. Nikapanga karata zangu: hakuna hata moja yenye picha, kubwa kuliko zote ilikuwa tisa. Turufu, yaani aina inayozishinda nyingine zote, ilikuwa kopa, nami nilikuwa nazo mbili tu, ya mbili na ya nne. Pau sikuwa nayo hata moja. Mpinzani akatupa ree ya pau, karata kubwa kuliko pau zote, kwa kujiamini kabisa. Kwa kuwa sikuwa na pau, niliruhusiwa kuikata, nikaweka kopa ya mbili. Karata ndogo kuliko turufu zote ikala ree. Kisha nikaanzisha uru. Dada akachukua kwa ree yake, halafu akatulia. Alikuwa na tabia ya kugonga ukingo wa karata kwa kidole gumba anapofikiri. Akagonga mara mbili tatu, akachomoa karata ya mwisho kabisa kushoto, akaiweka mezani: pau. Alikuwa ameelewa kwamba sina pau. Nikakata tena, kwa kopa ya nne. Mizunguko mitatu mfululizo tukaichukua, na mkono wangu haukuwa na thamani yoyote! Tulimaliza na 7 kati ya 13, inayotosha kushinda.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na ninalisema bila kuyumba: karata za watu wanne, wawili wawili, ndizo bora. Mwenye mkono mbovu ana mwenzake wa kumtumikia hadi karata ya mwisho, na mkono ukiisha karata zinagawiwa upya. Wifi yako ameshinda. Lakini mwambie pia kwamba amekosea kuhusu sataranji. Ukimya wa watu wawili wanaofikiri si kununiana.

Kaka yako msimketishe apambane na mkewe. Wakae upande mmoja, mkabala. Mpe kazi moja tu kwa kuanzia: ahesabu turufu zilizokwisha kutoka kati ya 13. Mtu wa sataranji atalishika hilo haraka, na siku atakapojua kwamba turufu iliyobaki nje ni moja, na anajua iko kwa nani, hutasikia tena habari ya kubahatisha.

SWALI: Mjomba, sisi mchezo wetu ni Monopoly, ule wa kununua viwanja ubaoni na kutozana kodi, ila unachukua saa nne na mdogo wangu huishia kulia kwa sababu hufilisika mapema. Tuuache?

JIBU: Kabla hamjauacha, jaribuni kuucheza kwa sheria zake. Nimekaa kwenye meza nyingi za Monopoly, na karibu kila moja ilikuwa na makosa haya mawili.

La kwanza, mtu akifika kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe na asitake kukinunua, benki inatakiwa kukipiga mnada papo hapo, na wote wanaruhusiwa kupanda bei, hata yeye aliyekikataa. Wengi wanakiruka tu, ndiyo maana viwanja vinachukua muda mrefu kuisha. La pili, faini na ushuru (si kodi ya pango) zinakwenda benki. Haziwekwi katikati ya ubao zikamngoja mtu atakayefika kwenye mraba wa maegesho ya bure. Kila mkimpa mtu kitita hicho mnamfufua aliyekuwa anakaribia kuanguka, na mchezo unarudi nyuma. Rekebisheni hayo mawili, mtaona saa zinapungua.

Kulia kwa mdogo wako ni jambo jingine. Mchezo huu unatokana na ule alioupatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Lizzie Magie, Mmarekani, mwaka 1904, na nia yake ilikuwa kuonyesha jinsi wenye ardhi wanavyotajirika na wapangaji wanavyofukarika. Kufilisika kumo ndani ya mchezo tangu mwanzo. Kwa kipimo nilichokitaja juu unafeli, kwani unamtoa mtu mezani akakae kochini huku wenzake wakiendelea. Mkitaka mchezo wa kufanya biashara unaombakiza kila mtu, tafuteni Catan, wa Mjerumani Klaus Teuber, uliotoka mwaka 1995. Humo hatolewi mtu. Dadu za mwenzako zinaweza kukupa mbao au matofali wewe, na hata aliye nyuma anabembelezwa, kwa kuwa ana kondoo ambao mwingine anawataka. Kama machozi bado ni mengi, kuna Pandemic, wa mwaka 2008, ambao wote mko upande mmoja dhidi ya magonjwa manne: mnashinda pamoja au mnashindwa pamoja. Ila mchunge mkubwa wenu asimwamrishe mdogo kila hatua. Zamu yake iwe yake kweli.

SWALI: Karata zichangwe mara ngapi? Shemeji yangu anachanga mara mbili, kisha anagawa.

JIBU: Mara mbili hazitoshi, na mwambie nimesema mimi. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwa hesabu kwamba karata 52 zinahitaji kuchangwa kama mara 7 ndipo zichanganyike sawasawa. Hapo ni kwa mtindo wa kuzigawa mafungu mawili na kuyapachanisha. Ule mtindo wa kuchota chache chache kutoka juu unahitaji mara nyingi zaidi. Mpangilio wa karata 52 unaweza kutokea kwa njia nyingi mno, idadi yake ni namba yenye tarakimu 68, kwa hiyo kuchanga mara mbili kunaacha vipande vya mkono uliopita vikiwa vimeshikana, na mwenye kumbukumbu nzuri atavitambua. Asiyeweza kupachanisha azitandaze mezani kifudifudi, azikoroge kwa viganja vyote viwili kwa dakika nzima, azikusanye, kisha ampe aliye kulia kwake akate.